Pete za Malibu

Risasi ya kwanza iliingia kwa dirisha la jikoni ikapasua birika la chai, na Badria akabaki amesimama na mpini mtupu mkononi, kama mtu aliyesahau alichotaka kumimina. Ya pili ikachimba ukuta juu ya jokofu. Baada ya hapo hazikuhesabika.

"Lala chini, Mama Thamir! Lala chini, mwanamke!"

Lafta alimvuta mkewe mguu mpaka akaanguka, kisha akamlalia juu. Vumbi la plasta likawajaa kinywani. Chumba cha pili mama yake mzee alikuwa akimwita Abbas, shahidi aliyezikwa Karbala, kwa sauti kubwa. Mdogo wake, Nadhim, alikuwa amejikunyata nyuma ya kabati la vyombo, mikono kichwani, akilia kwa sauti nyembamba ambayo Lafta hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu mzima.

Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, na mtaa mzima ulikuwa macho. Risasi zilidumu muda wa mtu kuvuta nusu ya sigara, zikakoma ghafla. Katika kimya kilichofuata wakasikia kopo la rangi likitikiswa, goroli yake ikigonga ndani, na mtu akicheka. Milango ya magari ikafungwa. Wakaondoka polepole kama watu watokao harusini.

Lafta alipotoka nje alikuta lango limetobolewa kama chujio. Ukutani, kwa herufi nyekundu zenye kimo cha mtoto, walikuwa wameandika: MWENYE NYUMBA ANATAFUTWA KWA DAMU. Rangi ilikuwa bado inachuruzika.

Jirani wa mbele alichungulia kwa ufa wa mlango wake.

"Baba Thamir, mko hai?"

"Tuko hai."

"Alhamdulillahi. Basi usinijibu tena, watu wanatazama."

Akafunga mlango. Lafta hakumlaumu. Nyumba ikishaandikwa vile hapa Zubair, kusini mwa Iraki, hakuna fundi wa kuja kuziba tundu wala muuza mkate wa kusimama langoni, mpaka kabila na kabila waketi.

Damu yenyewe ilikuwa ya Dakhil, na kilichomuua kilikuwa gurudumu.

Lafta alikuwa fundi wa kukereza vyuma. Katika karakana zote za Zubair hakuwa na mpinzani kwenye jambo moja: kulivisha gari la zamani magurudumu mapya. Na gari la zamani kwa watu wa kusini ni Malibu ya mwaka themanini na moja. Mtu atauza dhahabu ya mkewe kabla hajaiuza Malibu aliyoachiwa na baba yake. Lakini siku hizi kila mwenye Malibu anataka iende kwa magurudumu ya Charger za kisasa, mapana, meusi, yenye mikono mitano kama nyota. Tatizo ni kwamba haviingiliani. Malibu ina boliti tano, gurudumu la Charger lina matundu matano; ukitazama kwa jicho utadhani ni ndugu wa tumbo moja, ukipima unakuta duara moja limelizidi jingine kwa milimita tano na ushee. Kwa hiyo hukerezwa pete nene ya kukaa katikati. Pete inafungwa kwenye haba ya gari, kile kitovu cha chuma kinachobeba gurudumu, kwa boliti zake za zamani, nayo ina boliti zake nyingine za kushika gurudumu jipya. Uhai wote wa waliomo garini unaning'inia kwenye pete hizo nne.

Pete ya Lafta ilikuwa ya chuma, au ya alumini ngumu iliyotoka kiwandani, nene vidole viwili. Kila moja aliipiga chapa ya herufi ya kwanza ya jina lake. Na kila mteja aliambiwa maneno yaleyale: "Ukienda kilomita hamsini, rudi nikaze nati. Usiporudi, usiseme unanijua."

Mwaka ule alikwenda Karbala kwa miguu, kama alivyokwenda kila mwaka, akamwachia Nadhim karakana kwa siku kumi na saba. Nadhim alikuwa na miaka thelathini na kazi aliijua. Katika siku hizo wakaja ndugu wawili, Hajji Chasib na Dakhil, kila mmoja na Malibu yake, ya mkubwa nyekundu iliyoiva, ya mdogo nyeupe. Kulikuwa na harusi ukooni na walitaka kuuongoza msafara kwa magurudumu ya Charger. Magari yakavishwa. Siku ya harusi, barabara ya Safwan, vigelegele vikiendelea na watu wakipiga risasi hewani, gurudumu la mbele la Malibu nyeupe likachomoka. Gari lilipinduka mara nne. Dakhil alitupwa nje kwa kioo cha mbele, na gari likamaliza kwa kumlalia.

Lafta alizikuta habari hizo aliporudi, miguu yake bado ina malengelenge. Alimwita mdogo wake nyuma ya mashine.

"Ulitumia chuma gani?"

"Kilekile, kaka."

"Nitazame. Kilekile?"

"Wallahi kilekile. Hawakurudi kukaza nati. Niliwaambia, hawakurudi."

Lafta aliyaamini maneno hayo kwa sababu alitaka kuyaamini. Aliona kwamba Nadhim hali chakula, na usiku anatapika, lakini akajiambia kwamba yeyote ambaye kazi yake imehusishwa na mauti ya mtu atatapika.

Sasa nyumba ilikuwa imeandikwa. Jioni ileile alimtumia ujumbe Sharifu Hashim, mzee wa upatanishi, awaombee muda wa amani kwa wafiwa, kama ilivyo desturi. Asubuhi, Badria alipomwona anavaa viatu, akasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi, Baba Thamir? Kaburini?"

"Karakana. Lazima nikaone vipande vilivyobaki. Nikienda mbele ya wazee niwe na cha kuonyesha."

"Kaka, usiende," Nadhim alisema kutoka kwenye mkeka. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Ngoja Sharifu azungumze nao kwanza. Nakuomba, usiende."

"Wewe kaa na mama."

Hakupata hata kuingiza ufunguo kwenye kufuli la karakana. Kitako cha bunduki kilimpiga mdomoni, akalitema jino pamoja na damu kabla hajajua limetoka wapi. Walikuwa wanne. Walimpiga mateke mpaka akaacha kujikinga. Kisha wakavunja kufuli na mmoja wao akaingia na nyundo ya kuvunjia mawe. Lafta, akiwa chini, alisikia mashine yake ya kukereza ikipigwa: kichwa, kitanda, gia moja baada ya nyingine. Kilikuwa chuma cha Wabulgaria alichokirithi kwa baba yake, aliyefia vitani. Jino halikumtoa chozi, lakini mlio ule ulimtoa.

"Inatosha," sauti ikasema.

Hajji Chasib alikuwa ameegemea Malibu yake nyekundu, mtu mnene, kilemba cha miraba kimelegea, macho hayajalala siku sita. Wale vijana wakamkalisha Lafta mavumbini mbele yake.

"Fundi, nimekuja kukusikia wewe mwenyewe. Ndugu yangu amekufa kwa kazi yako. Sema."

Lafta alifuta kinywa. Angesema polepole, angesema kwa adabu, lakini mlio wa mashine ulikuwa bado masikioni mwake.

"Pete zangu hazivunjiki, Hajji. Nina miaka ishirini na mbili kazini, haijavunjika moja. Nati hazikukazwa. Dakhil hakurudi kukaza."

Hajji Chasib aliacha kuegemea gari.

"Kwa hiyo," Chasib alisema taratibu, "ndugu yangu kajiua mwenyewe."

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Umesema ndugu yangu mzembe, na yuko chini ya mchanga, hawezi kukujibu." Akapiga bodi ya Malibu kwa kiganja. "Hii hapa ilivishwa siku moja na ile. Tangu siku ile sijaipeleka zaidi ya msikitini. Unaiamini kazi yako?"

"Naiamini."

"Basi panda. Tutakwenda barabara ileile, mwendo uleule. Ikishika, nitakushusha na nitakuomba radhi mbele ya watu. Isiposhika, tutamkuta Dakhil, utamweleza mwenyewe habari za nati."

"Ami, umeingiwa na wazimu?" mmoja wa vijana alisema. Alikuwa Muntadhar, mtoto wa marehemu, miaka kumi na tisa. "Tumpige risasi hapahapa tumalize!"

"Nyamaza. Mpandishe."

Walimwinua, miguu ikamsaliti, akaanguka kwa magoti kando ya gurudumu la mbele la kushoto, uso wake ukiwa sawa na nyota ile nyeusi. Kati ya mkono na mkono wa nyota kulikuwa na nafasi ya kupitisha ngumi. Humo ndani aliiona pete.

Ilikuwa ya kijivu, rangi ya jivu la mkaa. Uso wake ulikuwa na vitundu, vidogovidogo, kama mkate uliokatwa. Haikuwa na chapa. Kutoka kwenye tundu la boliti moja ulitoka ufa mwembamba kama unywele, na kando ya ufa kulikuwa na unga mweusi, unga ule unaotoka pale chuma kinapojisaga chenyewe. Haikukerezwa kutoka kwenye alumini ya kiwandani. Ilisubiwa. Mtu aliyeyusha sufuria mbovu na maganda ya gia, akamimina kwenye mchanga, akaiacha ipoe, akaisawazisha juujuu kwa mashine.

*Nadhim. Nadhim, mwana wa mama yangu, umefanya nini?*

Sentensi moja ingemwokoa: hizi si zangu, tazama, hazina chapa. Angeisema, na wale vijana wangekuwa nyumbani kwake kwa dakika kumi. Wangemkuta Nadhim kwenye mkeka, karibu na mama. Lafta ndiye aliyemlea. Baba alipokufa, Nadhim alikuwa hajaota hata jino, na Lafta alimbeba mgongoni akienda kujifunza kazi. Yeye ndiye aliyemfundisha kunyoa ndevu.

"Unasali huko chini?" Muntadhar alimpiga teke la mbavu. "Panda!"

Akapanda.

Chasib aliendesha bila kusema neno mpaka walipopita nyumba za mwisho. Barabara ya Safwan ilinyooka mbele yao, mchanga kulia, mashamba ya nyanya kushoto, maturubai yake meupe yakimetameta. Mshale ukafika themanini, ukafika mia.

"Unatoka jasho, fundi."

"Joto, Hajji."

"Joto gani? Kipoza hewa cha gari hili kinagandisha samaki."

Lafta alikuwa anausikiliza mguu wake wa kushoto. Kupitia sakafu, chini kabisa ya ngurumo ya injini, kulikuwa na mtetemo, mdogo, wa haraka, kama paka anayekoroma. Mia na ishirini. Paka akawa mbwa. Usukani ulianza kucheza mikononi mwa Chasib, lakini Chasib hakuuona. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye masharubu na wala hakuyafuta.

"Nilimfundisha kuendesha kwenye gari hili hili," alisema. "Nilimpakata. Miguu haifiki, mimi nakanyaga, yeye anashika usukani. Anapiga honi kwa kila mbuzi. Unaye ndugu, fundi?"

"Ninaye."

"Mkubwa, mdogo?"

"Mdogo."

"Basi wajua."

Mia na arobaini. Mbele, pembeni mwa barabara, Lafta aliona wanawake wa mashambani wamepanga makasha ya nyanya, kama kumi hivi, na watoto wakikimbia baina yao. Mtetemo ulikuwa umeshafika kwenye meno yake. Alijua kilichokuwa kikitendeka mle ndani kana kwamba anakiona: ufa unatembea kutoka tundu hadi tundu, boliti ya kwanza imeshabaki peke yake, ya pili inaifuata. Akawaza: mimi na huyu tumeshakubaliana, lakini wale hawakuulizwa.

"Simama, Hajji."

"Unaogopa?"

"Simama! Pete ni mbovu. Zilisubiwa. Zitatuua, na zitawaua wale!"

Chasib aligeuza uso. "Nani alizitengeneza?"

"Punguza mwendo kwanza!"

"Nani?"

"Mimi!" Lafta alipiga kelele. "Mimi, Hajji! Mimi nilimuua Dakhil! Simama!"

Chasib akakanyaga breki kwa uzito wake wote.

Hapo ndipo pete ilipokatika. Ulisikika mlio mmoja, kama nyundo kwenye fuawe, na kona ya kushoto ya gari ikazama. Waliliona gurudumu lao wenyewe likiwapita, likiruka, likikata barabara na kuingia kwenye makasha ya nyanya, wanawake wakitawanyika huku na huku. Chuma kilichimba lami. Cheche zilipanda mpaka kwenye kioo. Malibu ikajizungusha, ikapanda tuta la mchanga, ikasimama kwa ubavu kana kwamba inafikiri, kisha ikalala upande wa Lafta.

Injini iliendelea kunguruma. Mfupa wa bega la Lafta ulikuwa umevunjika. Aliusikia ukisuguana alipojaribu kupumua. Mkono ukamshika ukosi kutoka juu. Chasib, paji la uso limepasuka na jicho moja limefungwa na damu, alimtoa kwa dirisha kama mtu anayetoa mbuzi kisimani. Akamburuta mpaka mbele ya gari, pale haba ilipobaki uchi, vipande vya pete ya kijivu vikiwa bado vimeng'ang'ania boliti. Buti la gari lilikuwa limefunguka na vyombo vimemwagika mchangani. Chasib akaokota spana ya magurudumu, ndefu kama mkono wa mtu.

"Kwa mkono upi?"

Lafta alimtazama.

"Nimekuuliza, ulizitengeneza kwa mkono upi?"

Lafta alinyoosha mkono wa kulia. Hakujua kwa nini alimpa. Baadaye alisema labda alitaka jambo lile liishe. Chasib aliubandika kwenye chuma cha haba na akapiga. Vidole viwili vilivunjika pigo la kwanza. Pigo la pili lilikipata kiganja, na Lafta alilia kilio ambacho wanawake wa nyanya walikisikia juu ya vilio vyao wenyewe. Spana ikainuliwa kwa pigo la tatu.

Kitambaa cheusi kikaanguka mchangani, baina yao wawili.

Mwanamke mzee, miguu mitupu, kichwa chake chenye mvi kikiwa wazi mbele ya wanaume, alikuwa amesimama pale, anahema.

"Shela yangu iko chini, baba," alisema. "Ukitaka kumfikia, ikanyage. Mimi ni bibi wa watoto hawa. Ikanyage, nikuone."

Shela ya mwanamke ikitupwa baina ya wapiganao hairukwi, na Chasib aliijua desturi hiyo. Spana ikamtoka mkononi. Akaketi chini pale pale, karibu na mtu aliyemvunja mkono, na wote wawili wakavuja damu pamoja mpaka watu walipokuja.

Sharifu Hashim alipata muda wa amani wa siku ishirini. Siku ya kuketi, wanaume sitini walijaa katika ukumbi wa matete wa kabila la Chasib, upande huu watu wa Lafta, upande ule wafiwa. Kahawa chungu ilimiminwa, na Sharifu akakiweka kikombe chake chini bila kunywa, mpaka haja yake isikilizwe. Lafta alikuwa na bendeji mpaka kwenye kiwiko. Nadhim alikaa nyuma, karibu na mlango.

Tangu siku ya Safwan ndugu hao hawakuwa wamelizungumza jambo lile. Nadhim alikuwa akimlisha kaka yake kwa kijiko, na Lafta alikuwa akila.

Mzee Shnawa, mkuu wa kabila la Chasib, alikuwa na sauti ya mtu asiyehitaji kuipandisha. "Fundi, umekiri mbele ya Hajji Chasib. Unakiri na mbele yetu?"

"Nakiri."

"Vizuri." Mzee akatoa kitu chini ya joho akakiweka mkekani. Kilikuwa kipande cha pete ya kijivu. "Mimi pia nina gari la zamani. Pete zake zimetoka kwako, mwaka wa kumi na moja huu. Juzi nililala chini yake, na umri wangu huu, wajukuu wakanicheka. Zina chapa. Hiki hakina. Sasa mimi mzee nataka nife nimeelewa." Akaegemea mbele. "Apa kwa Abbas kwamba mkono wako ndio uliozitengeneza pete hizi. Apa, na tutaendelea."

Uongo kwa watu ni jambo moja. Lakini kila mtu mle ndani alimjua fulani aliyemwapia Abbas uongo na akatoka nje na mdomo umepinda. Lafta alifungua kinywa. Alilitafuta neno. Alikuwa ametembea siku kumi na nne kwa miguu kwenda kulishika kaburi la Abbas, miezi miwili haijapita.

Akafunga kinywa.

"Apa, mwanangu," Mzee Shnawa alisema kwa upole.

"Muacheni." Sauti ilitoka mlangoni. Nadhim alikuwa amesimama. Alikuwa amelishika guzo la matete. "Muacheni kaka yangu. Ni mimi. Yeye alikuwa Karbala. Alumini iliisha, nikaenda kwa muuza vyuma chakavu, tukayeyusha maganda ya gia. Nilizitengeneza mimi."

Hakuna aliyemwona Muntadhar akichomoa bastola. Walichokiona ni Hajji Chasib akiruka na mwili wake wote mnene, akiupiga ule mkono kwenda juu, na mlio ukaujaza ukumbi. Nadhim akashika upande wa kichwa. Nusu ya sikio lake ilikuwa imekwenda na risasi, na damu ikamwagika juu ya mkeka wa wageni, mbele ya Sharifu, ndani ya muda wa amani.

Watu wa Lafta wakainuka kama mtu mmoja, mikono imeingia majohoni.

"Kaeni!" Safari hii Mzee Shnawa aliipandisha sauti. "Atakayechomoa atakuwa amenipiga mimi!"

Chasib alikuwa ameshamwangusha mtoto wa ndugu yake. Alivua kamba nyeusi ya kilemba chake akaikunja mara mbili, akamchapa nayo usoni, mabegani, usoni tena, mpaka ngozi ikachanika.

"Katika nyumba yetu! Kwa wageni wetu! Unataka baba yako azikwe mara ya pili kwa aibu?"

"Ni muuaji, ami! Amekiri!"

"Amekiri! Alisimama akakiri! Wewe umefanya nini?" Na akachapa tena, akilia, mpaka wakamshika.

Mzee Shnawa aliinamisha kichwa. Kabila lililovunja amani ndani ya ukumbi wake lenyewe halina tena mdomo wa kudai. Kila mtu aliijua sheria hiyo, na yeye kuliko wote.

"Damu yetu ilimwagwa kwa ujinga," alisema hatimaye, "na yenu tumeimwaga kwa aibu. Sisi hatuchukui kitu. Nadhim ataondoka mkoa huu wa Basra, hataonekana hapa miaka saba. Akionekana, sina la kumsaidia. Muntadhar ataufuta ule ukuta kwa mikono yake, mchana, watu wakimtazama. Sharifu, kunywa kahawa yako."

Sharifu akanywa.

Nje, kwenye vumbi, Chasib alimfuata Lafta mpaka kwenye gari la kukodi.

"Uliiona ile pete kabla ya kupanda. Ulipoanguka magoti."

"Niliiona."

"Na ukapanda."

"Nikapanda."

"Ungeniua na mimi, mbwa wee. Nina watoto sita."

"Nilidhani utaendesha polepole, Hajji."

Chasib alitoa sauti fupi puani. Huwezi kuiita kicheko. "Mimi ningempandia Dakhil hivyo hivyo," alisema. Akautazama mkono wenye bendeji, akawa kama anataka kusema neno juu yake, akageuka akaenda zake.

Nadhim aliondoka kesho yake kwenda Amara, kwa binamu zao, na furushi moja la nguo. Mama aligoma kutoka ndani. Lafta alimsindikiza mpaka kwenye stendi ya magari, na hapo ndipo alipomuuliza, kwa mara ya kwanza.

"Kwa nini hukuniambia? Nilikuuliza. Nilikuuliza uso kwa uso."

"Niliogopa, kaka."

"Na zile pete? Uliogopa nini?"

"Walizitaka kabla ya Alhamisi. Nikaona..." Nadhim alilitua furushi lake chini. "Nikaona ni pete tu."

Lafta alimpiga kwa mkono wa kushoto, ngumi kamili, mdomoni. Nadhim alianguka juu ya furushi lake. Madereva wakageuka. Akainuka, sikio lenye bendeji limeanza tena kuvuja, mdomo umepasuka, akasimama palepale mikono chini, anangoja pigo la pili.

Halikuja. Lafta alimwonyesha mlango wa gari.

"Panda gari," alisema. "Mpigie mama kila Ijumaa."

Mkono wa Lafta uliunga vibaya; vidole viwili havikunjiki. Ile mashine ya baba yake iliuzwa kwa kilo. Alinunua nyingine, kuukuu, na ilimchukua karibu mwaka kujifunza kuishika kwa kushoto. Wateja wamerudi mmoja mmoja, ingawa wapo wanaochutama kando ya gurudumu na kuitafuta chapa kabla ya kulipa, na yeye huwangoja bila kusema kitu.

Nadhim anachoma mikate huko Amara. Hataki kushika chuma. Kila Ijumaa hupiga simu, na mama humuuliza amekula nini, analala wapi, amepata mke au bado. Lafta hupewa simu mwisho. Siku nyingi huikata bila neno. Siku nyingine huuliza kama Amara nako kuna joto, na Nadhim humjibu kwamba liko, kaka, liko, na huongea juu ya joto hilo mpaka salio linakwisha.